Jinsi Bwana Vikadi Alivyoliteka Neno Frimasoni

Sogezeni viti, enyi wenye masikio, na wewe unayejifanya husikii sogea pia, mpate habari za Bwana Vikadi, simba wa ofisi ya kamusi, mshika penseli asiyetetereka, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alitunga sentensi za mfano, na kwa miaka kumi na mmoja haikukubaliwa hata moja.

Asubuhi hiyo aliangukiwa na neno frimasoni. Maana ilikwisha andikwa: mwanachama wa chama cha siri cha udugu. Ilibaki sentensi ya kuonyesha watu wanavyolitumia. Akaitunga kwa jasho, akaipeleka mbele ya Mhariri Mkuu, mama ambaye kalamu yake nyekundu ilikwisha mwaga damu ya sentensi nyingi zisizo na hatia.

"'Frimasoni yule alihudhuria mkutano kwa unyenyekevu mkuu,'" akasoma. "Nani anaongea hivi, baba? Niletee iliyotoka mdomoni mwa mtu. Saa kumi tunafunga herufi F. Ukikosa, sentensi nampa mwenzako, wewe rudi kwenye kupanga mafaili."

Kupanga mafaili! Shujaa alitetemeka, na haikuwa kwa hasira. Akavaa koti lake jeusi, akachomoa kikadi kitupu kama upanga, akateremka ngazi zote ishirini na mbili, akavamia kibanda cha kinyozi wa mtaani kwake, ngome ambamo maneno hayajawahi kukauka.

Yakakauka. Hata mashine ya kunyolea ilizimwa.

"Enyi mashujaa wa kiti kinachozunguka!" akanguruma, ingawa sauti ilitoka kama ya mtu anayeuliza choo kiko wapi. "Nimelifuata neno moja tu, frimasoni! Ni nani kati yenu hulitamka, na humtamkia nani?"

Mteja mmoja akainuka, nusu ya kichwa ikiwa bado haijanyolewa, akatoka bila kuaga.

"Kaka, sisi hatujasema kitu," alisema kinyozi.

"Semeni, la sivyo sitaondoka hapa!"

"Utatufanya nini?"

"Nitaandika."

"Hicho ndicho tunachoogopa." Kinyozi akaweka mashine chini. "Haya, bwana, yaishe. Watu wanasema frimasoni ni wewe. Koti jeusi na joto lote hili, kila jioni umejifungia na vikaratasi, ukiulizwa kazi yako unajibu 'maneno'. Lakini mimi nakutetea, Mungu shahidi. Nawaambia, huyu naye frimasoni gani, suruali ina kiraka!"

Bwana Vikadi aliumia. Miaka tisa aliyoishi mtaani hapo alidhani wanampisha njiani kwa heshima. Alitamani kulia, akatamani pia kuuficha mguu wa kushoto wenye kiraka, lakini mkono wa kulia, mtumishi mwaminifu, ulikwisha anza kuandika.

"Rudia," akasema kwa unyonge. "Polepole."

Dakika nne kabla ya saa kumi, Mhariri Mkuu alikisoma kikadi mara mbili. Akainua macho hadi kwenye suruali, akayarudisha kwenye kikadi. Kalamu nyekundu ikapanda, ikashuka, ikaacha alama ya vema.

"Hii kaisema mtu," akasema. "Alikuwa anamsema nani?"

Shujaa akafunika goti kwa kiganja, akanyoosha shingo mbele ya vizazi vyote vitakavyofungua herufi F.

"Mimi, mama," akajibu, na hapajawahi kutokea mshindi aliyejibu kwa fahari kubwa kuliko hiyo.