Malalamiko Dhidi ya Wanakijiji Waliokataa Kujipendelea

Ndugu Mhariri,

Kwa heshima, na kwa masikitiko ya mtu aliyesoma kupita kiasi, naomba nafasi gazetini mwako. Mimi ni mhadhiri mstaafu wa nadharia ya michezo, yaani elimu ya kukisia mwenzako atafanya nini kabla hajafanya. Kitongoji chetu cha Ngasem kilinituma kwenye mkutano wa kijiji niwe mmoja wa wajumbe wake watatu, kama ilivyokuwa kwa kila kitongoji. Fedha za maendeleo zilitosha jambo moja tu: lami kwetu Ngasem, kisima Karanglo, au daraja Sumberan, ambako watoto huvuka mto wameshikana mikono wakienda shule.

Nilichora jedwali. Kila kitongoji kingejipigia kura. Basi sisi na Karanglo tungeungana, lami mwaka huu, kisima mwakani, na Sumberan wabaki na mto wao. Jedwali halikuwa na kosa. Wenye makosa ni hawa:

1. Pak Jumadi, yaani Bwana Jumadi, mjumbe wa Karanglo. Nilimwandalia kahawa na mihogo ya kukaanga, nikamweleza mpango wote. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa Pak Toyo, mto ukijaa wale watoto watapita wapi?" Nikamjibu kwamba watoto si wachezaji katika mchezo huu. Akamaliza mihogo, akaaga. Hakukubali wala hakukataa, na jedwali langu halina chumba cha mtu wa namna hiyo.

2. Bu Wigati, yaani Mama Wigati, mkuu wetu wa kijiji. Mkutanoni nilitishia kwamba Ngasem tutatoka nje. Kitisho, Ndugu Mhariri, hufaa kikiaminika. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unanukia mchuzi wa fenesi ambao mke wangu mwenyewe alikuwa akiwapikia wajumbe. Bu Wigati akasema kwa upole, "Toka tu, Pak. Tutakuwekea sahani." Nikakaa.

3. Bu Tukinem wa Sumberan, na huyu ndiye aliyeniharibia kabisa. Badala ya kuomba daraja, alisimama akasema Karanglo wanakunywa maji ya tope, wachimbiwe kisima kwanza, wao Sumberan wameshazoea kulowa. Karanglo wakaona haya. Wajumbe wao wote wakalipigia kura daraja, na wa Sumberan wote wakakipigia kisima. Watu wazima, wenye akili timamu, wanagombania kushindwa. Mwishowe daraja likapita kwa kura moja.

Naiomba serikali iwafunze wanakijiji ubinafsi kabla ya kuwakabidhi kura. Bila hivyo sisi wataalamu tutakula wapi? Niko tayari kufundisha, ingawa majirani sasa wananiita Pak Lami, na kila gari likikwama kwenye tope letu dereva hunipigia honi ya salamu.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na jamaa wote wa nyumbani kwako.

Wako katika hesabu,
Hartoyo Prasmadi

N.B. Msomaji makini atajumlisha: daraja tatu, kisima tatu, na wenzangu wawili wa Ngasem walioipigia lami. Kura iliyobaki ilikuwa yangu. Nilikuwa namtazama Bu Tukinem akikaa, sketi yake bado imelowa hadi magotini, na mkono wangu ukainuka. Nimeutafutia nafasi kwenye jedwali, sijaipata. Tafadhali chapisha barua hii baada ya Jumamosi. Siku hiyo nakwenda Sumberan kubeba mawe ya nguzo, na sitaki wanicheke nikiwa na jiwe kichwani.