Ishirini Waliokataa Kuboeka

Jumanne, 14 Mei
Leo saa nne asubuhi nimepoteza tasnifu yangu ya saikolojia, isemayo mtu akikosa la kufanya huboeka. Imepotea machoni pangu, ndani ya chumba kitupu nilichokifagia mwenyewe! Wanafunzi ishirini, saa nzima, bila simu wala kitabu. Vyote niliwanyang'anya mlangoni. Kisha swali: umeboeka kiasi gani, sifuri hadi kumi? Wastani: moja nukta mbili. Aibu! Kisa, kibuyu cha yerba, majani ya kunywa kama chai. Kila mtu kaingia na chupa ya maji moto kwapani na sikuiona, maana hapa Montevideo nani huiona? Hata mimi nilikuwa na yangu. Kibuyu kikazunguka, mrija mmoja, vicheko. Yamandú, hasimu wangu wa darasani, kapata mchumba. Muda ulipokwisha walikataa kutoka. Na aliyekuwa akiwamiminia maji kibuyuni ni mimi.

Jumatano, 15 Mei
Nimepiga yerba marufuku. Yamandú akadakia: "Wewe mzee, hata mahabusu wanakunywa, sisi tumeua nani?" Wakaniimba saa nzima, tena kwa vina. Hasira: tisa. Kuboeka: sifuri. Mimi nimejisomesha kwa kukaanga maandazi ya kuuza kila siku ya mvua, maana hapa mvua ikinyesha kila mtu huyataka. Hawa wanasomeshwa na mama zao, na kuboeka tu kumewashinda!

Alhamisi, 16 Mei
Ujanja mpya. Yerba ruksa, ila nimewasomea sura ya pili ya tasnifu. Dakika ya kumi kibuyu kikasimama. Yamandú akakoroma. Tisa nukta nane! Nikakimbia kwa Profesa Zulma, msimamizi wangu. Akatazama walichojaza kwenye fomu, penye "sababu". Wote ishirini wameandika neno moja: Nelson. Jina langu! Akasema, Nelson mwanangu, mtu huboeka anaposemeshwa bila kusikilizwa. Uliwahi kuwauliza wao wanataka nini? Nikamjibu swali hilo halimo kwenye ratiba.

Ijumaa, 17 Mei
Kosa nimeliona: saa moja ni kidogo. Wiki ijayo saa tatu, mlango kwa kufuli, sura zote tano. Lakini Profesa anataka nirudie mwaka. Mwaka mzima! Nimemwandikia hivi: Profesa, nimekuletea sababu moja ya kisaikolojia ya kuboeka, imethibitishwa na asilimia mia ya watu. Mwanafunzi gani mwingine kafikisha mia? Habari za kusikilizana sitaki. Tasnifu unaipitisha au huipitishi? Ndiyo au hapana, kesho saa sita mchana.