Nondo Aliyeua Kompyuta

Sumaku aliitwa hivyo kwa sababu kila kitu kisichofungwa vizuri kilimfuata nyumbani. Asubuhi hiyo kilichokuwa hakijafungwa ni mdomo wa mkuu wa chuo cha kompyuta, chuo cha vyumba viwili juu ya duka la magodoro.

"Nafungua chumba cha makumbusho," mkuu alikuwa akimwambia muuza magazeti. "Maneno ya kompyuta na yalikotoka. Watu wataingia kwa kiingilio. Tatizo sina hata kitu kimoja cha kuweka kabatini."

Sumaku akatazama pikipiki nyekundu ya mkuu iliyoegeshwa hapo. Alikuwa na shida nayo. Mkewe alikuwa amerudi kwao, na salamu alizoacha ni hizi: njoo unichukue, ila usije kwa miguu, umeshaniaibisha vya kutosha mbele ya mama.

Kesho yake akapanda ngazi na boksi la viatu.

"Mheshimiwa, programu ikigoma mnasema ina nini?"

"Ina mdudu."

"Kwa nini mdudu? Kwa nini si jiwe?"

Mkuu akakuna kidevu. Ukutani kulikuwa na vyeti vitatu, visimsaidie hata kimoja.

Sumaku akafunua boksi. Juu ya pamba kalala nondo mkavu. "Zamani kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Siku moja ikakata kauli. Mafundi kufungua, wakamkuta marehemu huyu kabanwa ndani. Ndiye huyu, mwenyewe."

Marehemu, tumpe heshima yake, alifariki juzi katika kabati la nguo la shangazi yake Sumaku.

"Na hiki kigogo kando yake?" mkuu akauliza.

"Kipanya cha kwanza, cha mti. Waliona mkia wake wa waya, wakasema huyu panya." Hicho nacho, hadi jana, kilikuwa mguu wa stuli.

"Umevipataje?"

"Ng'ambo. Nilivitoa mwenyewe, kimyakimya. Usinichimbe."

Mkuu hakumchimba. Tamaa ikikaa kwenye kiti, maswali husimama nje. "Unataka nini?"

"Mwingine ningemwambia nyumba. Wewe ndugu yangu, nipe ile pikipiki tu."

Mkuu akaenda chumba cha pili kutafuta ufunguo, akakawia kidogo, akarudi akautoa bila hata kuomba kupunguziwa. Mjanja mwenye kiasi angeshtuka.

Chini ya ngazi alisimama bwana wa suti, kitambulisho shingoni. "Idara ya Mambo ya Kale. Nasikia kuna mdudu wa kihistoria kaingizwa bila kibali."

"Ni huyu," mkuu akadakia kutoka juu. "Kaniambia kamtoa ng'ambo, kimyakimya."

"Mzee, yule nondo tu," Sumaku akasema.

"Wa kihistoria."

"Wa kabatini. Kwa shangazi."

"Kwa hiyo umemtapeli mkuu wa chuo?"

Sumaku akapiga hesabu. Nondo wa kweli ni magendo, nondo wa uongo ni utapeli, na njia zote mbili zinaishia mahabusu. Akauweka ufunguo katika kiganja cha yule bwana, taratibu, kama mtu anayetoa rambirambi.

"Naweza kwenda kumjulia hali shangazi?"

"Nenda. Mwambie apulize dawa kabatini."

Jumamosi makumbusho yalifunguliwa, foleni ikafika kwenye magodoro. Sumaku aliipita ameinamisha kichwa. Alikuwa ameamua kwenda ukweni hivyo hivyo, ila angalau na kidevu safi. Akaingia kwa kinyozi wa mtaa wa nyuma, akaegemea, akafumba macho. Wembe ulipofika kooni, sauti ikasema, "Shangazi hajambo?"

Sumaku akafumbua macho. Suti ilikuwa imetundikwa msumarini. Nje, pikipiki nyekundu.

"Usitikisike, bwana, utajikata," kinyozi akasema. "Mkuu ni shemeji yangu. Hupayuka pale makusudi, wajanja wamletee vitu vya kabatini. Wewe ni wa tatu, lakini nondo wako katia fora, watu wanatoka wanalia. Unaenda wapi nadhifu hivi?"

"Ukweni," Sumaku akasema kwa nusu ya mdomo. "Mke hataki nifike kwa miguu."

Kinyozi akafuta povu, akafikiri. Na yeye ana wakwe.

"Hilo zito. Nitakupeleka, tutaelewana nauli."

"Niazime tu niendeshe mwenyewe. Nitarudisha jioni."

"Hapana, ndugu yangu," kinyozi akasema, akichukua ufunguo. "Kaa nyuma. Mji huu una matapeli."