Proksi Yangu na Ng'ombe wa Tata Obwocha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeanza kazi itakayonitoa stoo. Stoo ndiyo ofisi ya fundi wa mitambo, kati ya nyaya kuukuu na jenereta. Katika kituo chetu cha redio hapa Nyamira, mimi Ishmael Nyamongo ndiye pekee ambaye sauti yake haijawahi kusikika hewani. Isipokuwa siku ile nilipokohoa.

Madam Bochaberi, mwenye kituo, anatafuta mtangazaji wa kipindi cha jioni. Majaribio ya sauti ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne. Ogada naye anakitaka kiti hicho. Anatoka Homa Bay, husoma habari na matangazo ya mchana. Watu husema ana sauti ya asali. Mimi nasikia pipa. Redio ya stoo nimeizima tangu Januari kwa sababu yake.

Mpango: mtandao wetu unatambaa. Nitaweka seva ya proksi. Hukaa katikati, hukuletea ukurasa uliouomba, kisha hubaki na nakala. Anayeuomba tena hupewa nakala ile papo hapo. Mtandao utapaa. Madam atauliza ni nani aliyefanya maajabu haya. Nitajibu kwa sauti nzito.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata kompyuta iliyotupwa. Haina kipanya. Haihitaji! Kila kitu ni kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Programu yenyewe inaitwa Squid, yaani ngisi. Nimemuuliza Ogada, mtu wa ziwa, kama ameshawahi kula ngisi. Amesema ngisi ni wa baharini, ziwani kuna samaki wa maana. Amecheka. Sijacheka.

Faili la maagizo ni refu ajabu. Sehemu kubwa ni maelezo tu. Nimelisoma kama riwaya, chai ikapoa. Nani aliketi akayaandika yote haya? Alikuwa na mke?

Nimeongeza mistari yangu, nimewasha upya. Imekataa. Studio imekosa mtandao saa nzima. Ogada amesoma gazeti la Jumapili hewani, hadi nyota za wiki. Madam amekuja stoo mwenyewe. Nimemwambia stima imepotea. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Baadaye nimegundua kuna amri ya kukagua faili kabla ya kuwasha: squid -k parse. Imenionyesha mstari wenye kosa mara moja. Ilijua muda wote! Mbona haikusema? Kwa sababu sikuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Imekubali! Kompyuta ya studio na yangu sasa zinapitia kwenye proksi. Ya Nyanchera, dada wa mapokezi, bado. Amekataa niiguse. Nilipotengeneza kibodi yake mwaka jana ilibaki ikiandika N kila akibonyeza M.

Kuna amri inayoonyesha kila ukurasa unavyopita. MISS maana yake umeletwa kutoka mbali. HIT maana yake umetoka kwenye akiba yangu. Nimekaa nikitazama mistari ikishuka kama mvua kwenye kioo. Lakini HIT hazionekani! Nimechunguza. Kumbe kurasa zenye alama ya kufuli hupita zikiwa zimefungwa, proksi haiwezi kuzihifadhi. Na siku hizi karibu kila tovuti ina kufuli.

Isipokuwa moja. Ya kwetu! Aliitengeneza mpwa wa Madam, akasahau kufuli. Ndipo Nyanchera huweka matangazo, na Ogada huyasoma hewani kutoka hapo. Nimeufungua ukurasa: MISS. Nimeufungua tena: HIT. Nimepiga makofi peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Jambo la ajabu. Nyanchera alifuta tangazo la mkutano ulioahirishwa, lakini Ogada akalisoma. Alipewa nakala ya asubuhi. Madam amemkaripia mbele ya watu. Ogada ameinamisha kichwa. Nimemwonea huruma.

Kisha nikaona njia.

Kuna mstari unaoiambia proksi ikae na nakala muda gani. Nimeandika siku tatu. Nimeongeza kwamba hata mtu akibonyeza kuupakia ukurasa upya, apewe ileile.

Tangazo la juu leo: Tata Obwocha, mzee wa Marani, amepoteza ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Alasiri ng'ombe amepatikana kwa shemeji yake, Nyanchera akalifuta tangazo. Proksi yangu haikulifuta.

Ijumaa, 7 Machi

Ogada amesoma habari za ng'ombe tena. Nyanchera amelalamika kwamba matangazo mapya hayasomwi. Ogada ameapa kwamba anasoma kilichopo. Madam amekuja kuniuliza. Nimesema ni mtandao. Ameamuru mapya yaandikwe kwenye karatasi, Ogada asome ukurasa na karatasi, mpaka nitengeneze. Nimeahidi kutengeneza.

Kabla jua halijatua nimebadilisha siku tatu kuwa wiki mbili, nisije nikalazimika kuigusa Sabato.

Jumamosi, 8 Machi

Kanisani. Swali limenisumbua wakati wa mahubiri: mashine inayokumbuka siku ya Sabato, inafanya kazi au imepumzika? Na kama ni dhambi, ni yake au ni yangu? Nimemuuliza Mzee wa Kanisa Anyona. Ameniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 10 Machi

Tata Obwocha amekuja mwenyewe! Nimemsikia getini, nikatoka mbio nishuhudie Ogada akifukuzwa.

"Yuko wapi huyu kijana anayesoma ng'ombe wangu?" ameuliza.

Madam ameomba radhi kabla ya kujua kosa. Tata ameinua mkono.

"Mimi nilipoteza ng'ombe mmoja," amesema. "Huyu amenijazia zizi. Watu wananiletea ng'ombe wekundu kutoka Nyaramba, kutoka Ikonge. Mmoja si mwekundu. Ni dume tena, na jeusi!"

Nikasubiri radi. Haikupiga. Kumbe wenye ng'ombe waliopotea wamesikia kwamba kwa Obwocha kuna zizi la waliookotwa, wakaenda, wakapata ng'ombe wao. Mjane mmoja alilia kwa furaha. Tata amemletea Ogada mkungu wa ndizi mbivu. Madam amesema hajawahi kuona redio ikifanya kazi namna hii. Ogada amesema, kwa unyenyekevu, kwamba yeye husoma tu kilichopo.

Amenigawia ndizi. Nimekula. Zilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Basi. Yatakayoamua ni majaribio. Nafanya mazoezi ya sauti nikiwa nimewasha jenereta, ili nijifunze kuishinda. Nimefungua ukurasa wa matangazo mara nyingi kuhakikisha siku: Ijumaa, saa nne. Unafunguka kabla sijaondoa kidole. HIT, HIT, HIT. Mashine nzuri sana hii.

Alhamisi, 13 Machi

Korido imejaa wageni tangu asubuhi. Wanakunywa maji na kusafisha koo. Kwaya, nadhani. Lakini kwaya gani ina mtu mmoja mmoja? Nyanchera naye amevaa nguo ya kanisani. Nimejiuliza sana. Sikumuuliza mtu, nilikuwa kwenye mazoezi.

Saa tano hivi Ogada amechungulia stoo.

"Nyamongo, wewe huji?"

Nimemwambia nina shughuli. Ametazama saa, akaenda zake. Hila hizo! Alitaka kunitoa kwenye mazoezi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimevaa tai. Saa nne kamili nimeingia studio. Hakuna mtu. Madam alikuwa ofisini anakula mahindi ya kuchoma.

Amesema majaribio yalikuwa jana. Nimesema ukurasa unasema Ijumaa. Amesema yaliletwa mbele tangu Jumanne, Nyanchera akaweka kwenye ukurasa na kwenye karatasi, Ogada akatangaza hewani. Amenifungulia simu yake: Alhamisi. Nimekimbia kuleta kompyuta yangu: Ijumaa. Juu yake, ng'ombe wa Tata Obwocha.

Madam ameitazama simu, ameitazama kompyuta, amenitazama mimi. Ameweka mahindi chini.

"Nyamongo, hii yako inasoma matangazo ya lini?"

Ogada alikuwa ameingia. Naye ameona. Nilingoja apige kelele. Amesema tu, polepole, kwamba jana alimsihi Madam aningojee nusu saa, na Madam akaningojea. Nusu saa nzima watu kumi walikaa kimya, na mimi nilikuwa nimeketi hapo nyuma ya ukuta nikinguruma na jenereta.

Nimeomba radhi. Kwa sauti nyembamba.

Kiti amepewa Nyanchera. Wote wanasema alisoma vizuri mno. Ogada amempigia makofi. Mimi nimeamriwa niizime proksi, na Jumapili niende Marani nikamwombe Tata Obwocha msamaha.

Jumapili, 16 Machi

Marani. Nimemkuta Tata zizini. Nimemweleza yote: proksi, nakala, wiki mbili. Amesikiliza kwa makini, kisha akauliza kama mashine hiyo inaweza kumkumbuka mke wake alivyokuwa akiimba. Nimemwambia hukumbuka kurasa tu. Amesema basi bado haijafika mbali. Amenisamehe, akanikabidhi lile dume jeusi nimpelekee chifu. Limenikanyaga mguu.

Nimerudi nikichechemea, nikifikiri. Kosa langu halikuwa kumtega Ogada. Lilikuwa kujiweka mwenyewe ndani ya mtego! Proksi bado sijaizima; nimelisoma lile faili tena, taratibu. Kumbe unaweza kuandika sheria ya kila kompyuta kivyake. Mmoja aone ya zamani, mwingine aone ya leo. Ajabu iliyoje! Na Nyanchera, kwa kuwa kesho anaanza kipindi cha jioni, ameniomba kwa upole nimuunganishie kompyuta yake na mtandao wa studio.

Wiki mbili zilikuwa chache mno. Kwa yake nimeandika miezi sita.