Ombi la Kukatiwa Umeme Kabla ya Jumamosi

Ndugu Meneja wa Ofisi ya Umeme,

Natumaini u mzima, na kwamba barua hii itakufikia kabla hujatutendea wema mwingine.

Mimi ni kinyozi. Chumba changu cha kazi kina pazia katikati, na ng'ambo ya pazia mke wangu anashona nguo kwa cherehani ya mota. Kwa miaka sita umetukatia umeme kila baada ya siku mbili, bila upendeleo, hata tukaamua kununua sanduku la umeme, ile betri kubwa yenye mpini na matundu ya plagi. Fundi redio jirani yetu ametuazima mawili tuyajaribu, dogo na kubwa. Jumamosi saa sita mchana tumrudishie moja. Tusipoamua anachukua yote, maana mwenye duka la nyama ameshayaulizia mara mbili.

Mimi nataka dogo. Linabebeka kwa mkono mmoja, na mashine ya kunyolea haina makuu. Mke wangu anataka kubwa, kwa sababu ya pasi. Tulikubaliana kwamba siku umeme utakapokatika, kazi yenyewe ndiyo itakayoamua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu masanduku yaingie, leo siku ya tisa, umeme haujakatika. Hata taa kupepesa haijapepesa. Ndugu Meneja, tumekukosea nini?

2. Utauliza kwa nini tusiyajaribu umeme ukiwepo. Nami nilimwuliza mke wangu hivyo hivyo. Akanijibu, "Baba watoto, muogeleaji hapimwi bafuni." Siku ya tano nikazima swichi kuu kwa siri. Cherehani ikanyamaza, nami nikapaza sauti, "Lo, umekatika!" Akachungulia nje, akaiona feni ya duka la nyama inazunguka. Tangu hapo nikipita karibu na swichi, anakohoa.

3. Mama mkwe alikuja kushuhudia. Alikuja kwa siku moja, na mkoba wa siku moja. Sasa anasema, "Nimekuja kuona, mkwe wangu, siondoki sijaona." Mchana anakalia kiti cha wateja wanaosubiri, na kila ninayemnyoa anaambiwa kisogo kimepinda. Mimi sina ubavu wa kumwambia aende. Wewe unao, kwa kubonyeza kitu kimoja tu.

4. Umeharibu tabia za watu. Wateja wangu walikuwa wakidamka, wawahi kabla umeme haujaondoka. Siku hizi wanakuja wanapojisikia. Mmoja ameahirisha hadi wiki ijayo, ati umeme upo, haraka ya nini? Ukiendelea hivi mtaa mzima utafuga nywele, na lawama utazibeba wewe.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, utukatie Ijumaa kuanzia saa nane mchana, kwa muda wa saa tatu. Usitutangazie. Tangazo litanipa nafasi ya kujiandaa, na mke wangu atasema nimedanganya tena. Kata kama ulivyokuwa ukikata zamani, katikati ya jambo. Ijumaa ukiwa na udhuru, hata Alhamisi inafaa.

Nisalimie wote hapo ofisini: mpokea simu, ambaye sauti yake tulishaizoea na sasa tunaitamani, na yule bwana wa ngazi. Mke wangu naye anakusalimu, ingawa hajui kama nimekuandikia.

Ndimi mteja wako, uliyemzoesha na ukamgeuka,
Kinyozi wa karibu na posta

Baada ya saini: Umeme umekatika sasa hivi, nikitafuta bahasha, na mteja kitini nimemmaliza upande mmoja. Nimekushukuru kwa sauti. Mke wangu akachomeka pasi kwenye kubwa, mimi mashine kwenye dogo, hakuna kilichonguruma. Kumbe mama mkwe, anayelala na masanduku hayo chumba cha nyuma, siku zote hizi amekuwa akichemshia chai kwenye kubwa na kuangalia televisheni kwenye dogo, kwa kumhurumia mkwewe asilipie umeme wako mwingi. Tafadhali urudishe upesi, mteja ameanza kujipapasa kichwa. Tukishayachaji nitakuandikia, ukate tena.