Baba Mkwe Amefungiwa Jukwaani

"Mbuzi Dume amefungiwa!" Breki alitangaza habari hiyo kabla hajaegesha lori lake vizuri. "Wiki nzima! Jukwaa limepooza kama nyumba iliyohamwa."

Mbele ya karakana ya baiskeli, kando ya benchi, Kipenga aliendelea kukaza spoku. Habari hiyo haikuwa ngeni kwake, kwani yeye ndiye aliyemfungia shabiki huyo. Jukwaa la mtandaoni la mashabiki wa timu yao lilikuwa na maelfu ya watu, na wote walimjua kwa jina la Msimamizi tu. Waliojua kwamba Msimamizi ni fundi baiskeli walikuwa watu wa benchi lile: Breki mwenyewe, Shangazi muuza kahawa, na Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hakuwahi kuhukumu hata kuku lakini hakukosa hukumu.

"Amekosa nini?" Shangazi aliuliza huku akimimina kahawa.

"Ametukana mama wa mtu," Kipenga alijibu. "Sheria iko wazi. Ukigusa mzazi wa mwenzako, wiki moja nje. Unasoma, huandiki."

"Yaani unaona watu wanapotoka na huwezi kuwarekebisha?" Breki alishika kichwa. "Hiyo si adhabu, ni jehanamu! Halafu alichokozwa. Yeye alisema kipa wetu ana sabuni mikononi, ukimpa mtoto akubebee, andaa matanga. Hayo ni maoni ya kitaalamu. Ndoo ya Chuma ndiye aliyemjibu kwamba msema hayo alizaliwa wakati wa mapumziko ya mechi, hakuna aliyekuwa akiangalia. Huyo Ndoo umempa ngapi?"

"Siku tatu. Hakutaja mama."

"Ametaja kuzaliwa," Shangazi alisema. "Wewe umeshaona mtu aliyezaliwa na ukuta?"

"Pingamizi!" Hakimu alisimama, kahawa ikamwagikia suruali, asijali. "Mapumziko yapo kisheria. Kumwambia mtu kazaliwa ndani yake si tusi, ni ratiba!"

Simu ya Kipenga ikaita kwa ujumbe. Ulitoka kwa mchumba wake, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Aliusoma, spana ikamtoka mkononi.

"Kuna nini, mwanangu?" Shangazi aliuliza.

Kipenga alisoma kwa sauti. "'Baba amesusa chakula tangu jana. Kuna mjinga amemfungia jukwaani. Anasema Jumamosi hapokei mgeni wala posa mpaka haki itendeke. Amejifungia chumbani, anaibembeleza ile picha yake ya mbuzi.'"

Breki alicheka mpaka akaegemea taa za lori. "Umemfungia baba mkwe!"

"Ningejuaje? Si angeweka sura yake!"

"Mfungulie," Shangazi aliamuru. "Mkwe hafungiwi. Mkwe hufunguliwa mlango, akavutiwa kiti."

"Shangazi, sheria ni msumeno."

"Msumeno wa wapi unaokata mkwe? Utaoa sheria?"

Kipenga aliketi juu ya tairi. Alimpenda fundi cherehani tangu siku alipoleta baiskeli nzima kwa mara ya tatu na kudai kwamba inalia. Lakini jukwaani nako alikuwa na jina moja tu la kujivunia, haki. Alikwisha kumfungia hata kaka yake wa tumbo moja.

"Fungia wote," Breki alipendekeza. "Jukwaa zima. Usawa."

"Kwa kosa gani?"

"La kunyamaza mkwe akionewa."

"Mbuzi abaki nje!" Hakimu alifoka. "Na Ndoo asiguswe! Ndoo ni mtu wa heshima, ana hoja, ana upeo, ana..."

Shangazi aliweka birika chini polepole. "Hakimu. Mbona unamtetea Ndoo kama mlinyonya ziwa moja? Lete simu."

"Simu ni mali binafsi."

Breki aliichomoa kwenye mfuko wa shati la Hakimu, akaigeuzia benchi. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya ndoo ya chuma, na chini yake maneno: Umefungiwa siku tatu.

Kipenga alijifunika uso kwa mikono iliyojaa grisi. "Hakimu, wewe si mshenga wangu? Jumamosi unakwenda kuniombea mke kwa mtu uliyemwambia amezaliwa wakati wa mapumziko?"

"Sikujua kama ni yeye. Lakini kipa ni mzuri. Hilo silifuti hata mkinitundika."

"Nami neno langu bado lipo," Shangazi alisema. "Aliyetaja kuzaliwa ametaja mama."

Kipenga aliipima hoja hiyo kama apimavyo gurudumu, akaizungusha, akaitafuta inapoyumba. Haikuyumba. Akajifuta vidole na kuandika jukwaani: Baada ya kupitia upya, Ndoo ya Chuma ameongezewa adhabu. Atakaa nje wiki moja, sawa na Mbuzi Dume.

"Umenifungia mimi, mshenga wako?" Hakimu alinong'ona.

"Kosa moja, adhabu moja."

Kahawa haijapoa, simu ikaita. Alikuwa baba mkwe. Kipenga alifungulia spika, wote wakainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeona tangazo. Huyo Msimamizi simjui, lakini ana akili. Mimi sikutaka kufunguliwa, nilitaka Ndoo naye aumie kama mimi. Jumamosi njooni."

"Ahsante sana, baba!"

"Ila nyumbani kwangu haingii asiyejua mpira. Mshenga wenu yupo hapo?"

"Yupo, baba."

"Nimsikie. Bwana mshenga, yule kipa wetu unamwonaje?"

Hakimu alitazama mbingu, akatazama tairi, akamtazama Kipenga, ambaye alikuwa amepiga magoti na kushikamanisha viganja.

"Mikono yake," Hakimu alisema kwa sauti ya mtu anayezikwa, "ina sabuni."

"Huyo ndiye mtu!" mzee alinguruma kwa furaha. "Mje naye!" Simu ikakatika.

"Hakimu!" Breki alipiga kofi boneti. "Umemkana kipa mchana kweupe!"

Hakimu alichukua simu yake na kuifuta kioo kwa mkono wa shati.

"Nimemkana kwa wiki moja. Adhabu ikiisha tu, naandika ukweli wote, na jina langu chini."

"Na ndoa yangu?" Kipenga aliuliza, bado amepiga magoti.

"Ifungeni haraka."