Harusi ya Madera Arobaini

Jumatatu, 3 Novemba
Madera arobaini yamefika chumbani kwetu Al Qusais, huku ughaibuni. Yote zambarau, ndiyo maana nimeyapata rahisi. Wateja wangu wa mtandaoni wako Mombasa, wameshaagiza. Faida ndiyo mahari ya Muna, muuza manukato wa mtaa wa Al Muraqqabat. Babake amenipa hadi mwisho wa mwezi. Adib, ninayekaa naye chumba kimoja, pia huuza mtandaoni. Kanikumbusha kwamba bidhaa ikivuka mpaka, kodi hudaiwa inakoingia, na bei ya mteja iwe na kodi ndani. Yeye hufanya hivyo. Mtu mwoga sana.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepata njia. Mzigo nimeuandika "zawadi za harusi". Nani atatoza kodi furaha ya watu? Bi harusi ni binamu yangu Saleha, maana ndiye hunipokelea mizigo kule. Adib kauliza kama Saleha anajua. Nikamwambia khalas, hayo ni makaratasi tu.

Ijumaa, 7 Novemba
Kikwazo kidogo. Afisa wa forodha kampongeza Saleha, kisha akataka kadi ya mwaliko. Nimeitengeneza kwa simu kazini, arbab, yaani bosi wangu, akiwa kwenye chakula. Maua, tarehe, kila kitu. Bwana harusi lazima awe mtu. Kumsingizia mwenzangu si uungwana, nikaandika jina langu.

Jumatatu, 10 Novemba
Balaa! Mamake Saleha kaiona kadi, kaitupia kwenye kundi la ukoo. Mama kanipigia akilia kwa furaha. Anasema siku zote aliomba nioe damu yetu. Afisa naye kasema zawadi arobaini ni duka, kodi ilipwe. Mashangazi wakachanga, wakalipa, wakautoa mzigo. Nikawaombea dua ndefu. Kisha ikaja picha: mashangazi, mawifi na majirani, wote zambarau. Wamegawana, ndiyo sare ya harusi.

Saleha kaniambia niifute harusi haraka kwa sababu hanitaki. Nimeumia kidogo. Wala sikuwa nimemposa.

Jumanne, 11 Novemba
Nimekwenda kwa Muna kujieleza. Kadi ilishamfikia, imerushwa simu hadi simu kutoka Mombasa. Kanipongeza kwa ile sauti ya kuhudumia wateja. Nikamweleza habari ya kodi mwanzo hadi mwisho. Akasema babake hampi binti yake mume wa mtu. Nikiwa kweli sina mke, nimletee ushahidi kabla ya Jumamosi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nampenda, na nimerudi nyumbani bila hamu ya kula.

Jumatano, 12 Novemba
Adib kanishauri niandike ukweli kwenye kundi: nilikwepa kodi, harusi haipo, nisameheni. Ushauri mzuri, ila una aibu. Mimi ninao bora. Kesho natuma mabuibui meusi sitini, nimeyaandika "nguo za msiba". Afisa gani atatoza kodi machozi? Marehemu nimejiandika mwenyewe, nikatengeneza na tangazo lenye picha yangu ya pasipoti. Mume akifa, harusi imekwisha. Saleha yuko huru, na mashangazi hawana la kuuliza.

Nakala ya kwanza nampelekea Muna. Alitaka ushahidi kwamba sina mke. Sasa ninao kwa maandishi.